Kwa unayeanza kuchora mandhari nje kwa rangi za mafuta

Kubali mapema kwamba mwanga utabadilika kabla hujamaliza. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kivuli cha mti kilicholala kando ya njia ulipofungua tyubu ya kwanza kinaweza kuwa kimeivuka njia yote unapoosha brashi. Kabla ya kuchanganya chochote, amua picha hii ni ya saa ngapi.

Mimi huanza na vivuli. Nachukua rangi ya udongo, naiyeyusha kwa tapentaini mpaka iwe majimaji kama chai ya rangi, kisha naweka umbo la kila kivuli kikubwa ndani ya dakika chache za mwanzo. Vikishakaa, havihami, hata jua lihame. Kitakachokuponza hapa ni tamaa. Saa moja baadaye mwanga utageuka dhahabu, nawe utatamani kusogeza kivuli kimoja tu, kidogo tu. Ukikubali, picha yako itakuwa na majua mawili. Mtazamaji huenda asijue kosa liko wapi, lakini ataona kuna kitu hakijatulia.

Mwanga mzuri ukija umechelewa, toa kanvasi nyingine. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipochora kanisa kuu la mji wa Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893 alifanya kazi hiyo kwa kanvasi nyingi zikiendelea kwa pamoja, akibadilisha moja kwa nyingine kadiri mwanga ulivyobadilika, na mfululizo huo ukazidi picha 30. Wewe zinakutosha mbili ndogo, za sentimita 20 kwa 25 hivi: moja ya asubuhi, moja ya jioni. Kesho rudi saa ileile, ilimradi hali ya hewa nayo ni ileile.

Wengi wakiona mawingu yametanda hubaki ndani. Kwangu hiyo ndiyo siku bora ya kujifunza, maana mwanga hukaa karibu vilevile kwa saa kadhaa na hakuna vivuli vikali vya kukuhadaa. Finya macho mpaka majani yapotee na yabaki mafungu makubwa manne au matano. Anga, kwa kuwa ndilo linalotoa mwanga, kwa kawaida ndilo jeupe kuliko yote. Linafuatiwa na ardhi tambarare, inayoupokea mwanga huo moja kwa moja kutoka juu, halafu miteremko. Miti, kwa kuwa imesimama wima, ndiyo hubaki na giza zaidi. Zipo tofauti, kama theluji au ukuta mweupe uliopigwa na jua, lakini ukiupata mpangilio huo, hata kijani ulichokosea kukichanganya kitasameheka. Ukiukosa, hakuna rangi itakayokuokoa.

Mvua ina mambo yake. Inapokaribia, weusi ndio unaotoweka kwanza kule mbali: vilima vilivyokuwa na miti, mashamba na mabonde vinageuka tabaka moja la kijivu chenye ubuluu. Usiingize hapo rangi nzito uliyotumia kwa mti ulio karibu nawe, vilima vitakurukia usoni. Kwa pazia la mvua lenyewe, paka wingu na kilima kwanza, kisha rangi ikiwa bado mbichi pitisha brashi pana iliyo kavu kutoka tumbo la wingu kushuka chini, ukifuata mwelekeo wa upepo. Mara moja tu. Ukirudia mara ya tatu unapata tope. Mvua ikikatika, tazama njia iliyolowa: imebeba anga, na huenda sasa inang'aa kuliko majani ya pembeni yake.

Mawingu nayo yana umbali. Yaliyo juu ya kichwa chako ni mapana. Yanayoelekea upeo wa macho huonekana madogo, bapa na yaliyosongamana. Mwaka 1821 na 1822, mchoraji Mwingereza John Constable alichora mawingu mengi huko Hampstead, London, na nyuma ya michoro hiyo aliandika tarehe, saa na hali ya upepo. Iga hilo, halina gharama.

Sasa rangi yenyewe. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji; mafuta yake huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kigumu, kazi inayochukua siku kadhaa. Hiyo ndiyo sababu unaweza kulainisha ukingo wa wingu bila haraka. Anza na tabaka jembamba lenye mafuta machache na umalizie na lenye mafuta mengi. Ukifanya kinyume, la juu litakauka kabla ya la chini na baadaye litapasuka. Vivuli viache vyembamba, unene uuweke kwenye mwanga.

Kanvasi isipigwe na jua moja kwa moja. Ikipigwa, utaona kila kitu kinang'aa na utatia giza kupita kiasi, ujionee ukifika ndani. Stendi inayobeba kanvasi ifunge mzigo chini, upepo hauna adabu. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yaani mafuta yaliyomo kwenye rangi nyingi za namna hii, usivifinyange ukavitupa pembeni: vikirundikana hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze vikauke, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na kulifunika.