Snoubodi ukishapita miaka 50: tafuta bodi inayosamehe

Wenzangu wa huku Colorado mnaniuliza sana mtu wa rika letu apande snoubodi ya aina gani, yaani ule ubao wa kutelezea kwenye theluji, maana wengi theluji tumeijulia ukubwani na mfupa wa mtu mzima ukivunjika unachelewa kuunga. Jibu langu ni moja tu, tafuta bodi inayosamehe, yaani ukikosea kidogo haikuangushi, achana na ile wanayoisifia dukani eti ina spidi.

Anza na ugumu, yaani bodi inavyokataa kupinda. Kampuni nyingi zinaupima 1 (laini) hadi 10 (ngumu), mimi nakaa kwenye 3 mpaka 5, kwa sababu bodi ngumu inataka miguu yenye nguvu na ukishachoka haikutii. Urefu usiangalie kimo peke yake, ile ya kusimamisha bodi ifike kidevuni ni makadirio, kila bodi ina jedwali la uzito, angalia kilo zako pale. Na upana jamani! Buti kubwa kwenye bodi nyembamba, vidole vinaburura kwenye theluji ukikata kona na unarushwa. Halafu chagua ile iliyoinuka kidogo ncha zote mbili, ukingo wake, kile chuma cha pembeni, haunasi ovyo, na kunasa huko ndiko kunakotumaliza watu wazima, unateleza taratibu kabisa sehemu tambarare, mara ukingo wa upande wa bondeni unakamata theluji na umeshapigwa chini, mgongo au uso, hujapata hata muda wa kujikinga.

Kama bajeti ni ndogo, pesa nyingi weka kwenye buti kuliko bodi. Kisigino kisinyanyuke ukikunja goti. Na kama kuinama kufunga mikanda inayoshika buti kwenye bodi kunakutesa kiuno, kampuni ya Burton inayotengeneza snoubodi walileta kifungio cha Step On mwaka 2017, unakanyaga tu buti linajifunga.

Sasa kuumia. Wapanda snoubodi, hasa wanaoanza, wanaumia sana kifundo cha mkono kwa sababu mtu akianguka anatanguliza kiganja. Vaa kinga za kifundo, na jizoeze kukunja ngumi uangukie mikono kuanzia kiwiko, ukienda kinyumenyume bana kidevu kifuani ujiviringishe. Panapouma chini ya kidole gumba usipadharau hata kama eksirei ya kwanza imetoka safi, kuna kimfupa pale ufa wake siku za mwanzo unaweza usionekane, rudi hospitali. Helmeti haina mjadala. Na tafadhali sana, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kabla ya msimu, akigonga kichwa aende emajensi hata kama anajisikia mzima.

Jingine watu hawalifikirii ni urefu wa milima yenyewe, Breckenridge, kituo cha kuteleza huku Colorado, pale chini tu ni zaidi ya mita 2,900, pumzi inakata na unachoka kabla hujajijua. Machi na Aprili theluji inayeyuka mchana inaganda usiku, asubuhi ni sakafu ya zege, kwa hiyo mimi naingia saa nne jua likishailainisha, na mapaja yakianza kutetemeka naondoka, hata kama tiketi ni ya kutwa na imeniuma mfukoni.

Na msingojee Novemba lifti za kutupandisha mlimani zifunguliwe ndo muanze mazoezi. Kuanzia mwezi wa tisa chuchumaa na kuinuka kila siku, simama mguu mmoja unapopiga mswaki, ukiweza fumba macho.