Kabla ya Kuchagua Kihisi cha Sumaku kwa Kinu cha Muunganiko wa Nyuklia

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima vihisi vya uga wa sumaku, na kosa ninaloliona kwa wanaoanza kazi hii ni lile lile nililolifanya mimi, yaani kuchagua kihisi kwa ukubwa wa ishara yake kikiwa bado kipya.

Koili ya kawaida huhisi mabadiliko ya uga tu, hivyo ili kuupata uga wenyewe ni lazima volti yake ijumlishwe muda wote, na hitilafu ndogo ya saketi hujumlishwa pamoja nayo. Kwa jaribio la sekunde chache jambo hilo halisumbui, lakini ITER, mtambo unaojengwa Cadarache nchini Ufaransa, umekusudiwa kuishikilia plazma, yaani gesi yenye joto kali mno ambamo muunganiko hutokea, kwa mamia ya sekunde. Ndiyo maana tunahitaji kihisi cha Hall, ambacho hupitishiwa mkondo na kutoa volti ya pembeni (volti ya Hall) kulingana na uga, hivyo huupima uga hata ukiwa umetulia.

Mimi nilianza na antimonidi ya indiamu, nusukipitishi chenye elektroni huru chache, kwa kuwa ishara yake ni kubwa na inasomeka kwa urahisi. Hata hivyo, indiamu hunasa nyutroni zinazotolewa na muunganiko na kugeuka bati, na kila atomu ya bati huongeza elektroni huru ndani ya nusukipitishi. Kadiri elektroni zinavyoongezeka ndivyo volti ya Hall inavyopungua, na kipimo cha jana hakilingani tena na cha leo. Dhahabu nayo hugeuka zebaki, lakini metali ina elektroni nyingi mno kiasi kwamba nyongeza hiyo haionekani, ingawa ishara yake ni hafifu sana. Bismathi iko katikati, na ndiyo iliyochaguliwa kwa vihisi vya ITER vya nje ya chombo cha ombwe, kile kinachoizingira plazma. Zingatia tu kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 271 za Selsiasi.

Ishara hafifu inadai uvumilivu. Sampuli yangu ya bismathi, ndani ya tanuri la nyuzi 200, ilibadilisha usomaji kila alasiri, nami nikailaumu sampuli kwa wiki mbili nzima. Kumbe kiungo kimoja cha waya kilikuwa karibu zaidi na mlango wa tanuri, na tofauti hiyo ya joto ilitosha kuzalisha volti yake yenyewe. Tangu hapo mimi hupitisha mkondo geu (AC) na kusoma volti ya masafa yale yale tu, kisha hubadilisha nafasi za vituo vya mkondo na vya volti, ili volti ya joto na ile ya kasoro za umbo zijitenge na ishara.

Aidha, omba mapema nafasi ya koili ndogo pembeni mwa kihisi, kama walivyofanya watafiti wa Lviv nchini Ukraine, ili uga unaojulikana ukisahihishe kihisi hapo hapo kilipo. Koili hiyo inahitaji waya mbili zaidi, na waya hizo haziwezi kuongezwa baada ya kinu kufungwa.