Mwanangu, anza na chakula cha mchana

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza: "Mama, mshahara unaingia tarehe 25, tarehe 10 sina hata nauli. Usiku kifua kinaniunguza, asubuhi naamka nimechoka kama sikulala. Vyote vimeniharibikia kwa pamoja, nianze na kipi?"

Anza na chakula cha mchana. Najua ulitegemea niseme deni. Deni tutalifikia, lakini hebu tuifuate siku yako kama ulivyonieleza. Saa saba mchana huli kwa sababu hela imekata, unasukuma na chai ya rangi. Saa tatu usiku unafika nyumbani Kimara na njaa ya siku nzima, unanunua chipsi mayai na soda, unakula haraka haraka, saa nne uko kitandani. Saa nane usiku maji machungu yamepanda kooni. Alfajiri kichwa kinagonga, unameza diklofenaki tumbo tupu, umeshachelewa, unaita bodaboda. Hela ya bodaboda na ya chipsi ndiyo ingekuwa hela ya mchana wa kesho, kwa hiyo jioni unakopa kwenye simu. Fundo jepesi kulifungua katika kamba hiyo ni la mchana. Ukishiba saa saba, usiku hutakuwa na njaa ya kukupeleka kwenye kikaango.

Kwanza uelewe kinachokuunguza. Kati ya umio na tumbo pana msuli wa mviringo unaojifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Tumbo likijaa sana msuli huo unalegea. Chakula cha mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, soda inaongeza gesi inayousukuma, na ukilala chali tindikali inateleza hadi kooni bila kizuizi. Ndiyo maana chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu kabla hujalala. Siku ukichelewa kurudi, kula kidogo tu: bakuli la uji, au ndizi mbivu na yai la kuchemsha. Pilipili, ndimu na mchuzi mzito wa nyanya uviache mchana. Maziwa wengi wanayakimbilia. Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo linatoa tindikali upya.

Kitanda nacho kina kazi. Usirundike mito, maana mwili unakunjika kiunoni na tumbo linabanwa zaidi. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la inchi sita likilazwa kwa ubavu linakupa sentimita 15 kamili. Weka kipande cha ubao juu yake ili mguu wa kitanda usiteleze, kisha tikisa kitanda kwa nguvu kabla hujakilalia. Ulalie ubavu wa kushoto. Ukilalia hivyo tumbo linakuwa chini ya umio na tindikali haipandi kirahisi.

Dawa sasa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, na hilo linatokea hata ukizimeza baada ya kula. Ziache. Kichwa kikiuma tumia paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, ukiacha muda wa saa sita kabla ya kurudia, usivuke vidonge vinane kwa siku. Ukinunua dawa ya mafua siku hiyohiyo soma kwanza maandishi ya pakiti, kwa sababu nyingi zina paracetamol ndani na utajikuta umezidisha bila kujua.

Omeprazole uliyosema haikusaidii, nadhani uliimeza usiku ukiungua. Haifanyi kazi hivyo. Inazuia tumbo kutengeneza tindikali pale linapoamshwa na chakula, kwa hiyo kidonge cha miligramu 20 kinamezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa siku 14. Nafuu inaweza kuchukua siku tatu nne kuonekana. Wewe ulimeza siku mbili ukaacha. Kwa moto wa usiku uleule, vidonge vya magnesiamu vya kutafuna vinatuliza haraka, ila uviache mbali na dawa nyingine kwa saa mbili kwa sababu vinazuia baadhi ya dawa kuingia mwilini.

Siku 14 zikiisha na moto ukarudi, nenda ukapimwe H. pylori, bakteria wa tumboni wanaoleta vidonda vya tumbo. Omba kipimo cha choo. Kile cha damu kinaweza kuendelea kusema "wapo" muda mrefu baada ya kutibiwa, maana kinapima kinga. Kabla ya kipimo cha choo uwe umeacha omeprazole wiki mbili na antibiotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya. Usikubali mtu akuuzie dozi ya vidonda vya tumbo dirishani bila kukupima. Na hili usilisubirishe hata siku moja: choo cheusi kinachong'aa kama lami, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, chakula kukwama kikiteremka, kukonda bila sababu, au kifua kubana huku jasho linatoka na maumivu yanaenda mkononi au taya. Hapo nenda hospitali moja kwa moja, usinipigie mimi kwanza.

Turudi kwenye mchana wenyewe. Nusu kilo ya maharage ukiiloweka usiku kucha inakupa milo minne hadi mitano. Maji ya kulowekea yamwage, yana sehemu ya kile kinachojaza gesi. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi; ukiyaacha kwenye moto mdogo tu hayajaiva na yanaweza kukutapisha. Kama jirani yako bado ana lile jiko la presha la umeme, mchangie hela ya umeme: kuivisha maharage humo hakufiki uniti moja, wakati jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili limekula uniti mbili.

Kinachowakatisha tamaa wengi ni chakula kuchacha. Unapika usiku, unakifunga kwenye hotpoti kikiwa vuguvugu, saa saba mchana unafungua: juu kuna povu jembamba, mchuzi umekuwa na utelezi, harufu inapiga puani kabla kijiko hakijafika. Chakula cha nazi ndicho kinachotangulia kuharibika kwa joto la Dar. Kwa hiyo maharage ya kubeba yaunge kwa kitunguu na mafuta kidogo, nazi iwe ya Jumapili. Kikishaiva, kitandaze kwenye sufuria pana kipoe, kisha kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asubuhi kichemshe hadi kitokote, jaza hotpoti maji ya moto dakika tano, yamwage, ndipo upakue. Wali wa jana hasa usiuache mezani usiku kucha. Una vijidudu ambavyo sumu yao haiishi hata ukiupasha. Siku huna nafasi ya friji, beba visivyochacha upesi: viazi vitamu vya kuchemsha, yai ambalo hujalimenya, karanga, ndizi.

Sasa deni. Ulisema unakopa laki moja kila mwezi kwa ada ya asilimia 9, unarudisha mshahara ukiingia, kisha unakopa tena. Hiyo ni 9,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 108,000, yaani umelipia ile laki moja zaidi ya thamani yake, na mwisho wa mwaka bado unadaiwa laki ileile. Watu wakigundua hili huapa kulipa yote na kutokopa tena kamwe. Wanalipa, linabaki pengo la laki moja kwenye mwezi, na kabla ya tarehe 10 wamerudi. Wewe shuka kwa ngazi. Mwezi ujao kopa 80,000, unaofuata 60,000, halafu 40,000, halafu 20,000, halafu basi. Kila mwezi unabanwa kwa 20,000 tu, na kiasi hicho kitatoka kwenye chipsi na bodaboda. Ada ya miezi hiyo minne ni 7,200, 5,400, 3,600 na 1,800, jumla 18,000. Ukiletewa ujumbe kwamba kiwango chako kimeongezwa, usiuguse.

Zile programu za mikopo zinazoomba kusoma majina yote ya kwenye simu yako, zifute leo. Ukichelewa siku moja watawapigia mabosi wako na mashangazi zako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa popote, angalia kama mkopeshaji ana leseni ya BoT.

Tarehe 25 jioni, kabla hujanunua chochote, fanya haya kwa mkupuo mmoja. Tenga elfu 80 ya kodi ya nyumba kwenye laini nyingine usiyotembea nayo. Kodi ya miezi sita, 480,000, inakuumiza kwa sababu unaikumbuka mwezi wa sita. Kama bado mko kwenye upatu na wenzako kazini, omba zamu yako iangukie mwezi huo wa kodi. Kisha nunua mchele, maharage, unga na mafuta ya mwezi. Hela ya matumizi itoe kwa wakala mara chache: kutoa elfu tano mara kumi kunakula makato mengi kuliko kutoa elfu hamsini mara moja. Nauli igawe kwa wiki, kila wiki kwenye bahasha yake.

LUKU nayo, umeme wa kulipia kabla, niliona umelalamika. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi ziko kwa shilingi 100 kabla ya kodi kwa mtumiaji mdogo, na ukizidi hapo bei inaruka hadi 350. Mita moja mkiitumia wapangaji wanne mtavuka tu, kwa hiyo uliza kama mwenye nyumba anaweza kuwawekea mita zenu. Lile kato la 1,500 kila mwezi ni kodi ya jengo, na kisheria ni la mwenye nyumba. Weka risiti zote, umwombe kwa heshima hela hizo azipunguze kwenye kodi yako ya nyumba. Kwa miezi sita ni 9,000. Hita ya kuogea ya wati 3,500 dakika kumi kwa siku ni zaidi ya uniti 17 kwa mwezi. Dar haina baridi ya kuhitaji hiyo, mwanangu.

Usiyaanze yote Jumatatu. Wiki ya kwanza hotpoti na omeprazole ya asubuhi, basi. Wiki ya pili matofali na saa ya kula usiku. Ngazi ya deni isubiri tarehe 25. Jumapili nipigie uniambie maharage yalifika mchana yakiwa mazima au yalichacha, na umeamka usiku mara ngapi. Baba yako anakusalimu. Amesema hotpoti ya zamani ipo kabatini, ile yenye mpira mzima, nitaituma na basi la Alhamisi.

Mama yako