Maharage Yanaungwa, Binti Hajakosea

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Ngarenaro hapa Arusha, nina binti yuko darasa la nne, juzi kaja na daftari wameambiwa watunge sentensi mbili kuonesha maana mbili tofauti za neno "unga". Ya kwanza kaandika "Mama amenunua unga wa sembe", kapata. Ya pili kaandika "Dada anaunga maharage", kapigwa kosa, pembeni kaandikiwa kuunga ni kuunganisha vitu, chakula hakiungwi. Mtoto kalia sana. Mimi tangu nakua nasikia maharage ya kuunga, sasa hilo neno ni la mtaani au ni Kiswahili kabisa?
Mama wa Wawili, Ngarenaro

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole binti na umwambie yuko sahihi. Ni Kiswahili kabisa, watu wa pwani wanaunga mchuzi, sisi huku Moshi tunaunga makande, na ukitaka cha kwenye kitabu fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utafute "kiungo", utakuta kiungo cha mwili kama goti na kiungo cha chakula kama binzari. Goti na binzari vimekutanaje kwenye neno moja? Vyote vinaunga.

Hebu muangalie mtu anayeunga. Maharage yameshachemka yameiva, ukionja ni maharage na chumvi basi, hayo ndo chukuchuku. Unabandika sufuria nyingine, mafuta ya alizeti, kitunguu mpaka kianze kuwa kahawia, karoti, hoho, afu nyanya unazifunikia mpaka zilainike zenyewe na mafuta yaanze kujitenga, hapo ndo unamwaga maharage na maji yake kidogo, yanalia shaaa, unaponda machache kwa mwiko mchuzi uwe mzito, na kama una tui la nazi unamalizia nalo kwa moto mdogo. Maharage yalikuwa peke yake na rojo lilikuwa peke yake, sasa huwezi tena kuvitenganisha. Mwalimu kasema kuunga ni kuunganisha, ni kweli, na hicho hicho ndicho dada alikuwa anakifanya jikoni!

Wengine wanachanganya na kukaanga, ila ukikaanga chakula chenyewe kinaivia kwenye mafuta, kama samaki au chipsi. Kuunga mara nyingi kimeshaiva kwa maji, unakitafutia ladha. Ndo maana mtori hatusemi tumeuunga, ndizi na nyama vinachemka pamoja afu vinapondwa. Na ugali japo unatoka kwenye unga hauungwi, unasongwa.

Kwenye sentensi neno linajigeuza kama vitenzi vingine: "Makande haya hayajaungwa bado." "Niungie mchicha kwa karanga, mgeni hali nyama." "Mboga imeungika vizuri leo." Unga wa sembe wenyewe ni jina, tunasema unga umeisha, unga umeharibika, wala huwezi kusema "nimeunga" ukamaanisha umeweka unga. Vijana nao wanaunga bando kwenye simu, na Tanganyika na Zanzibar ziliungana mwaka 1964 tukapata Muungano, ni mzizi ule ule jamani, umetoka mbali huo mpaka kwenye sufuria lako.

Kitu kimoja tu nimshauri binti. Akitunga sentensi ya kuonesha maana aweke na vitu vinavyoonesha hiyo maana, kwa sababu "dada anaunga maharage" mtu asiyepika anaweza kubaki anajiuliza anayaungaje. Kesho nenda na daftari umuone mwalimu baada ya vipindi, kwa upole, mfungue naye hiyo kamusi, na sentensi ya pili binti aiandike upya hivi: "Dada anaunga maharage kwa vitunguu, nyanya na nazi."