Mshahara Peke Yake Hauifanyi Kazi ya Kaunta Kuwa Kazi Nzuri

Mwenye biashara anayechoshwa na wahudumu wanaokuja na kuondoka hukimbilia kupandisha mshahara. Akiishia hapo, fedha zitapotea, maana vurugu ya kazi imebaki ile ile. Kwanza piga hesabu ya hasara. Duka la wafanyakazi 20 linalopoteza 12 kwa mwaka, kila mgeni akihitaji wiki 2 kuimudu kazi na mwenzake akitumia wiki 1 kumwelekeza, limelipa wiki 36 za mshahara kwa mafunzo tu. Bado makosa ya mahesabu na mteja aliyeondoka kwa hasira. Fedha za kuboresha kazi utazipata humo.

Kisha punguza kazi. Bidhaa zisizotoka zinajaza rafu na kuwachosha wanaohesabu stoo. Ofa nazo, tena hizi ndizo mbaya zaidi: mtu abandike lebo usiku, mwingine azibandue wiki ijayo, na katikati keshia abishane na mteja kwa sababu mashine bado inasoma bei ya jana. Anayetukanwa si aliyebuni ofa.

Idadi ya watu ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanapanga kwa wastani. Chukua kaunta moja, wateja wakija bila mpangilio na muda wa kuwahudumia ukibadilikabadilika, wastani wake dakika 3. Keshia akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mteja atasubiri foleni kama dakika 12. Akifikia asilimia 90, ni dakika 27. Nyongeza ndogo ya kazi imezidisha foleni zaidi ya mara mbili! Kwa hiyo weka watu zaidi kidogo ya wanaohitajika, na mfundishe kila mmoja angalau vituo viwili vya kazi. Wateja wakipungua, keshia ahamie kupanga rafu au kukagua tarehe za bidhaa kuisha muda. Bila mafunzo hayo atakaa tu, na meneja ataona ana watu wa ziada, awapunguze.

Ratiba ya zamu itoke wiki 2 kabla, na isibadilishwe kwa simu ya usiku. Gap, kampuni ya Marekani ya maduka ya nguo, ilijaribu ratiba tulivu katika baadhi ya maduka yake ya San Francisco na Chicago kuanzia mwishoni mwa 2015, na mauzo ya maduka hayo yakapanda kwa asilimia 7. Kinachovuruga ratiba mara nyingi si wateja bali makao makuu: mzigo unaochelewa, ofa inayobadilishwa dakika za mwisho. Shughulikieni huko kwanza.

Mpe mhudumu kiwango cha fedha anachoweza kurudisha bila kumwita meneja. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kuruhusu hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja. Wewe chagua kiasi unachokimudu. Ila ukimgombeza wa kwanza aliyekitumia, hakuna wa pili atakayethubutu.

Sasa pandisha mshahara, na utazame saa pamoja nao. Malipo mazuri ya saa hayamsaidii mtu anayepewa saa 30 wiki hii na 12 wiki ijayo. Mwandikie kwenye mkataba kiwango cha chini cha saa kwa wiki, ukianza na wale wenye vituo viwili.