Mafuta ya alizeti kwenye chakula cha samaki: nilipoharibu mimi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu na mimi niliwahi kusimama hapo hapo. Una sato kwenye mabwawa na kambare kwenye matangi, unachanganya chakula mwenyewe, mafuta ya samaki huyapati, na unataka kujua kama ukitia mafuta ya alizeti samaki watadhurika, na utie kiasi gani. Kwa samaki hao wawili, mafuta ya mimea hayana shida. Nimefuga misimu mingi bila kuongeza hata tone la mafuta ya samaki. Nilikoharibu ni kwingine kabisa, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kipimo. Nilikuwa nimesikia kwamba gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na kwamba samaki akipata nguvu kwenye mafuta haichomi protini uliyoitolea jasho, anaijengea mwili. Ni kweli kabisa. Basi kwa kila kilo 100 za mchanganyiko nikawa namimina lita 5 za alizeti, najiona mjanja. Sato wakaongezeka uzito vizuri. Siku ya kuvuna napasua wa kwanza, utumbo umezungukwa na mafuta meupe kama pamba, minofu ni ile ile ya zamani. Mnunuzi wangu aliyekuwa akipima samaki kabla ya kutoa matumbo alirudi na malalamiko, na sikuwa na la kujitetea.

Nilikaa chini na kalamu ndipo nikaona upumbavu wangu. Mchanganyiko wangu ulikuwa na kilo 30 za soya nzima iliyokaangwa, na soya ina mafuta karibu asilimia 18, hapo tayari ni kilo 5 na ushee. Kilo 25 za mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo, ambayo huacha kama asilimia 10 nyuma, ni kilo 2 na nusu nyingine. Kilo 25 za pumba laini za mpunga, kilo 3. Kilo 15 za unga wa samaki, kilo moja na kidogo. Zilizobaki ni unga wa kushikanisha na vitamini. Yaani kabla sijafungua dumu, chakula kilikuwa na mafuta asilimia 12! Nikaongeza juu yake, ikawa karibu 16. Sato hahitaji hayo. Asilimia 5 hadi 10 inamtosha, na kambare anaweza kwenda juu kidogo, 10 hadi 12 hivi. Kwa hiyo wengi wanaouliza "nitie mafuta gani" kwa kweli hawahitaji kutia chochote. Anayehitaji ni yule anayetumia soya iliyokamuliwa mafuta na mashudu ya kiwandani yaliyotolewa mafuta karibu yote, maana humo mafuta yamebaki asilimia moja au mbili tu.

Mara ya pili ndiyo iliyoniuma. Nilipewa bure pipa la mafuta yaliyokwisha kukaangia. Bure ghali, wazee walisema. Nikayachuja, yakaonekana safi, nikawapa kambare wa tangi. Wiki ya kwanza walikula. Ya pili wakawa wanachezea chakula, wanakitema. Ya tatu nikaanza kuokota wafu asubuhi, wawili, watatu. Nikapasua: ini limepauka, lina rangi ya njano chafu, na ukilibana linapasuka. Nilibadilisha chakula chote siku hiyo hiyo, na walionusurika walichukua zaidi ya mwezi kurudi kwenye ulaji wa kawaida.

Sababu yake ni hii. Mafuta ya maji maji kama alizeti na soya yana asidi nyingi za mafuta ambazo hewa inazishambulia kwa urahisi. Joto la kukaangia linaharakisha, mwanga unaharakisha, kutu ya chombo nayo inaharakisha. Yakishachacha, yanakula vitamini E iliyomo kwenye chakula na kisha iliyomo mwilini mwa samaki, na ini ndilo linalolipa. Samaki hajali kama mafuta yalitoka kwenye mbegu au kwenye dagaa. Hata mafuta ya samaki yaliyochacha yanaua, tena yanachacha haraka kuliko ya alizeti. Usitegemee macho, tumia pua: ukisikia harufu ya rangi ya ukutani au ya nta ya zamani, hayo hayafai. Nunua kidogo kidogo, weka kivulini kwenye dumu lililojaa hadi shingoni, na chakula ukishakitengeneza kiishe ndani ya wiki chache.

Sasa aina ya mafuta. Sato anataka hasa asidi ya linoleiki, ile ya kundi la omega-6, na nusu ya asilimia ya mlo wake inamtosha. Alizeti ya kawaida ina zaidi ya asilimia 50 ya asidi hiyo, soya kama nusu, kwa hiyo mafuta kidogo tu yanatosha. Tatizo la alizeti ni kwamba omega-3, kundi jingine la mafuta ambalo mwili unalihitaji, karibu haimo kabisa. Soya ina kidogo, asilimia 7 hivi, mbegu za rapa (kanola) zina kama 9, na kitani ndiyo bingwa, zaidi ya nusu yake. Mimi nikiwa na uwezo wa kuchagua nachukua soya. Mawese yana sifa ya kutochacha haraka, na yale mekundu yanakuja na vitamini E yake, ila maji yakipoa samaki hawayasagi vizuri tumboni kwa sababu yanaganda. Nazi ni nguvu tu, linoleiki yake ni chache mno. Pamba isiyosafishwa siigusi, ina sumu ya gosipoli.

Umesema pia rafiki yako amekukatisha tamaa kwa kusema samaki wote lazima wapate mafuta ya samaki. Huenda anafikiria samaki wa baharini. Sato na kambare wana vimeng'enya vya kuirefusha omega-3 fupi ya mimea kuwa EPA na DHA, zile ndefu ambazo mwili unazihitaji. Samaki wengi wa baharini hawana uwezo huo au wanao kidogo sana, hao ukiwanyima watadhoofika kweli. Na bwawa lenye maji ya kijani linamsaidia sato wako, maana vijimea anavyochuja humo vina omega-3. Kambare wa tangi hana msaada huo, anategemea mkono wako tu, ndiyo maana kwake mimi siondoi unga wa samaki wote. Mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya unga huo yanaziba pengo.

Kitu kimoja mafuta ya mimea yanakipunguza kweli, nacho ni omega-3 kwenye mnofu. Wafugaji wa samoni wameliona hilo kwa kiwango kikubwa. Huko Norwei mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni ilitoka baharini, na kufikia 2013 ilikuwa imeshuka hadi kama 30, protini za mimea na mafuta ya rapa vikachukua nafasi. Samaki waliendelea kukua. Lakini kwa samoni wa Uskoti, EPA na DHA kwenye mnofu zilipungua kwa nusu kati ya 2006 na 2015. Dawa yao ni kuwarudishia mafuta ya samaki miezi ya mwisho kabla ya kuvuna, na siku hizi wapo wanaotumia mafuta ya mwani. Kwa sato sijawahi kuhangaika na hilo, mnofu wake hauna mafuta mengi kiasi cha kuleta tofauti utakayoiona.

Ukiona kweli unahitaji kuongeza, usimwage mafuta kwenye unga kabla ya kuupitisha kwenye mashine ya kutengeneza punje. Punje zitateleza, hazishikani, zitayeyuka kabla samaki hajafika. Kausha punje kwanza, zipoe, halafu nyunyiza kidogo kidogo huku unageuza, uziache zinywe usiku mmoja. Punje za mashine ya kusagia nyama hazinywi zaidi ya lita 2 au 3 kwa kilo 100. Ukizidisha utaona utando unang'aa juu ya maji, na hapo unalisha tangi badala ya samaki.

Weka hapa mchanganyiko wako wote kwa kilo, na useme mashudu yako yamekamuliwa kwa mashine gani. Bila hilo la mashudu siwezi kukwambia kama utie lita 2 au usitie kabisa.