Mume amerudi kutoka Kongo, usiku halali

Dada wa Chumbageni, pole. Umesema mzee alistaafu jeshi baada ya kulinda amani Kongo, sasa usiku anakurupuka, bodaboda ikipiga mlio anajitupa chini, na mama mkwe anasema ni jini. Mimi pia ni mke wa askari. Hali hiyo ikipita mwezi ni ya hospitali. Dua endeleeni nayo, haigombani na matibabu.

Usimtikise akiwa usingizini! Washa taa, simama mlangoni, mwite: "Baba Asha, uko nyumbani, Tanga." Wangu alikuwa akirusha ngumi kabla hajafumbua macho. Mambo ya vita usimhoji. Akianza mwenyewe, sikiliza.

Halafu nendeni hospitali ya Bombo, mwulizie kliniki ya afya ya akili. Jina hilo wanaume wetu hawalitaki, basi mwambie mnafuata usingizi, wala si uongo. Pombe na vidonge vya usingizi vya kujinunulia hapana, hasa kwa pamoja.

Akitamka kujiua au akishika panga, usingoje miadi: ondoa watoto, ita kaka zake, mpelekeni usiku huohuo.

Na wewe je, unalala? Mwombe shemeji akupokee zamu hata usiku mmoja kwa wiki.